Wembe wa Mjomba: Jinsi ya Kuusoma na Kuufufua

Kaeni karibu na redio, na kila aliye na kitabu hiki afuate maneno kwa kidole chake. Usipolifahamu neno usione haya. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

Leo hatutasema habari za wafalme wala za vita vikubwa. Tutasema habari za kitu kidogo, kinachoweza kufichwa katika kiganja cha mkono, nacho ni wembe. Lakini utaona kwamba kitu kidogo nacho kina historia ndefu, na kwamba mtu aliyejifunza kusoma anaweza kuisoma historia hiyo kwa macho yake mwenyewe.

Tuseme wewe unakaa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, kando ya barabara iendayo Iringa. Mjomba wako amefariki. Matanga yamekwisha, na ndugu wamekaa kugawana vitu vyake. Kama unavyojua, Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, basi vitu vya mjomba si vitu vya mbali kwako. Mmoja amechukua jembe, mwingine amechukua kiti. Chini kabisa ya sanduku pana wembe wa zamani, ule wa kukunja, wenye mpini mweusi. Umeshika kutu, wala haukati hata uzi. Ndugu wanacheka na kusema, "Kitupe hicho, nyembe ziko tele dukani." Wewe umeuchukua. Hujapata kuufanyia kazi wembe wa namna hii maisha yako yote. Je, ufanye nini?

Mtu mwenye haraka atachukua msasa mkali au atakwenda kwa fundi mwenye mashine ya kunolea. Baada ya dakika 5 wembe utang'aa kama kioo, lakini utakuwa umeharibika kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuugusa, tujue kwanza ni kitu gani tulichoshika.

WEMBE NA JEMBE

Sema neno "wembe", kisha sema neno "jembe". Masikio yako yanasikia kwamba maneno haya yanafanana. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanayahesabu kuwa maneno ya asili moja, yaani ndugu wawili wa baba mmoja. Baganda nao huita wembe "akawembe". Jambo hili linatufundisha kwamba wembe si kitu kilichokuja juzi katika mabegi ya wageni. Wazee wetu walikuwa na neno lake tangu zamani sana, na walikuwa na kazi zake. Mtoto mchanga alinyolewa nywele zake za kwanza. Katika makabila mengi waliofiwa walinyolewa nywele, na vijana walionyolewa walipoingia jandoni na walipotoka. Kinyozi alikuwa mtu wa kuheshimiwa, kwa sababu chuma chake kilipita karibu na mshipa wa shingo yako.

Chuma hicho kilitoka wapi? Kilifuliwa papa hapa katika nchi yetu. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mabaki ya tanuri za chuma za tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika milima ya Upare, wahunzi wa ukoo wa Washana walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Ufipa walijenga tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, na baadhi ya tanuri hizo zilikuwa bado zimesimama miaka mingi baada ya moto wake kuzimika. Mhunzi aliyeweza kufua jembe aliweza pia kufua kisu, mkuki na wembe.

Kazi hiyo ilififia wakati vyuma vya viwandani vya Ulaya vilipoletwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei rahisi. Lakini haikusahauliwa na watu wote. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliwauliza wazee wa Kihaya kama wanaweza kuyeyusha chuma kwa njia ya zamani. Wazee hao walikuwa wameifanya au kuiona kazi hiyo katika ujana wao, na miaka mingi ilikuwa imepita. Walijenga tanuri upya, wakajaribu, wakarekebisha makosa yao, na mwisho walipata chuma. Kumbuka habari ya wazee hao utakapokuwa na wembe wa mjomba mkononi. Kazi iliyolala inaweza kuamshwa, ila huamshwa kwa subira.

WEMBE WA KUKUNJA

Wembe uliomo katika sanduku lako haukufuliwa Upare wala Ufipa. Wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, wa mfupa au wa seluloidi ni kazi ya viwanda vya Ulaya. Miji miwili ilisifiwa kuliko mingine kwa kazi hiyo. Mmoja ni Sheffield katika Uingereza, na wa pili ni Solingen katika Ujerumani.

Mafundi wa visu wa Sheffield walipata chama chao kwa sheria mwaka 1624. Katika miaka ya 1740, fundi wa saa aitwaye Benjamin Huntsman, aliyekuwa akiishi karibu na mji huo, alivumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya chungu cha udongo, kikatoka safi na chenye ugumu ulio sawa pande zote. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, ile iliyo katika makaa. Kwa wembe, kaboni hiyo ni kadiri ya sehemu 1 katika 100. Kikipungua sana, chuma huwa laini na makali hayakai. Kikizidi sana, chuma huwa kigumu lakini huvunjika kama kigae.

Mjerumani naye hakulala. Nyembe za Solingen zilikuwa nzuri, lakini baadhi ya wafanya biashara wa Kijerumani walizipiga mihuri ya Sheffield ili ziuzike. Watu wa Sheffield walilalamika sana. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria kwamba bidhaa za nje zisiingie na alama za udanganyifu, bali zionyeshe zilikotoka. Ndiyo maana bidhaa za Ujerumani zikaanza kupigwa muhuri wa nchi yao. Mwaka 1890 Marekani nayo ilitunga sheria iliyotaka kila bidhaa kutoka nje iandikwe jina la nchi yake. Tangu hapo nyembe nyingi za Uingereza zikaandikwa "England".

Sheria hizo zilitungwa mbali sana na Uluguru, lakini zilifika hata hapa ndani ya masanduku ya bidhaa. Wajerumani walianza kuitawala nchi hii mwaka 1885. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na bidhaa zilizokuwa zikibebwa kichwani zikaanza kuja kwa gari la moshi. Katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na baadaye nchi ikawekwa chini ya Uingereza. Mwaka 1953 ilifunguliwa hapo Mzumbe shule ya kuwafundisha watu wa serikali za wenyeji, yaani machifu, makarani na madiwani. Shule hiyo ilikua, ikawa chuo mwaka 1972, na tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu cha Mzumbe. Karani wa siku zile alitakiwa kufika kazini akiwa amenyoa ndevu na amevaa shati safi. Huenda mjomba wako alikuwa mmoja wao, na huenda sivyo. Waulize wazee ambao bado wako hai.

SOMA KABLA YA KUSUGUA

Sasa chukua wembe, uufunue polepole, na ugeuze makali yasikuelekee. Pale katikati ya jani la wembe na mkia wake pana sehemu nene kama shingo. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Je, unaona herufi?

Hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi. Miaka michache iliyopita labda ungeona mikwaruzo tu. Leo unaweza kusoma. Ukiona "Solingen" na "Germany", yaelekea wembe huo ulitengenezwa baada ya mwaka 1887. Ukiona "Sheffield" pamoja na "England", yaelekea ni wa baada ya mwaka 1890. Ukiona taji na herufi V na R, huo ni wa zamani za Malkia Victoria, aliyetawala toka 1837 hata 1901. Ukiona "W. Germany" au "Western Germany", basi ni wa baada ya mwaka 1949, Ujerumani ilipogawanywa sehemu mbili. Andika maneno yote katika daftari lako, herufi kwa herufi, hata yale usiyoyafahamu maana.

Kwa nini uandike kwanza? Kwa sababu herufi hizo hazikuzama sana ndani ya chuma. Mtu akisugua shingo ya wembe kwa msasa mkali, atafuta kutu na atafuta jina pamoja nayo. Jina likifutwa halirudi. Wembe utabaki kama mtu asiyejua kwao, na wajukuu wako hawatakuwa na kitu cha kusoma.

KAZI YA KUUFUFUA

Kwanza, tazama kama wembe una ufa. Upeleke kwenye mwanga wa jua na uuchunguze toka mwanzo hata mwisho. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, usijaribu kunyolea. Usafishe, uupake mafuta, uuweke kama ukumbusho. Kadhalika, utazame mpini. Seluloidi ikioza hutoa mvuke unaokula chuma, tena hushika moto upesi. Mpini wa namna hiyo uondolewe na kuwekwa mwingine wa mti au wa pembe.

Pili, ondoa kutu. Paka mafuta ya taa au mafuta mengine mepesi, uache usiku kucha. Asubuhi futa kwa kitambaa. Palipobaki kutu, tumia msasa laini sana uliolowekwa mafuta, huku jani la wembe limelala juu ya ubao. Sugua kwa urefu, wala usisugue kuelekea kwenye makali, kwa maana kidole kitateleza. Usiguse herufi. Madoa meusi yatakayobaki, yaache. Hayazuii wembe kukata, isipokuwa yakiwa kwenye makali yenyewe.

Tatu, usikubali mashine ya kunolea. Chuma hiki kilipewa ugumu wake kwa moto na kwa kuzamishwa ghafula, kisha kikapashwa moto tena kwa kadiri. Moto wa mashine ukipita digrii 200 hivi, ugumu huo huanza kupotea. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, mambo yamekwisha. Wembe wa kiwango hicho utang'aa, lakini makali yake hayatadumu hata kidevu kimoja.

Nne, noa juu ya jiwe. Jiwe liwe bapa kabisa na liwe limelowa maji. Madukani mawe haya hupewa nambari, na nambari ikizidi kuwa kubwa jiwe huwa laini zaidi. Anza na jiwe la 1,000, umalizie na la 8,000. Sasa angalia akili ya mafundi wa zamani. Walifanya mgongo wa wembe kuwa mnene kwa makusudi. Ukiulaza wembe juu ya jiwe, mgongo na makali vyote viwili hugusa jiwe, na pembe ya kunolea hujipima yenyewe. Basi usiinue mgongo hata mara moja. Sukuma wembe mbele, makali yakitangulia, bila kukandamiza. Ugeuze juu ya mgongo wake, uurudishe upande wa pili. Hesabu, ili kila upande upate sawa na mwenzake.

Utajuaje kwamba imetosha? Shika wembe chini ya taa, makali yakuelekee. Makali butu hung'aa, kwa sababu yana upana wa kurudisha mwanga. Makali yaliyonoleka hayaonekani kabisa. Ukiona nukta inayong'aa, hapo bado.

Tano, pitisha wembe juu ya ukanda wa ngozi uliovutwa vizuri, mara 50 hivi. Hapa njia ni kinyume cha jiweni. Mgongo ndio utangulie na makali yafuate nyuma, ama sivyo utakata ngozi. Kisha jaribu kwenye nywele za mkono wako. Zikikatika bila kuvutwa, kazi imekubali. Zisipokatika, usikasirike. Rudi kwenye jiwe. Mara ya kwanza karibu kila mtu hurudi kwenye jiwe, tena si mara moja.

KWA NINI WATU WALIUACHA

Labda utauliza, "Kama wembe huu ulikuwa mzuri hivyo, kwa nini watu waliuacha?" Jibu linapatikana Marekani. Mtu mmoja aitwaye King Gillette alifikiri kwamba ni afadhali kutengeneza wembe mwembamba wa bei rahisi, unaotiwa katika kishikio, ukitumika utupwe. Alianza kuuza mwaka 1903, na mwaka huo alipata wanunuzi wa vishikio 51 tu na nyembe 168. Mwaka 1904 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Kisha ikaja Vita Kuu. Askari walitakiwa kunyoa ndevu ili vinyago vya kuzuia hewa ya sumu viwakae vizuri usoni. Serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake vishikio milioni 3.5 na nyembe milioni 32. Wanaume hao waliporudi makwao hawakutaka tena jiwe wala ukanda.

Hata hivyo iko sababu nyingine ya wembe wa kutupwa kushinda, nayo ni ya uhai. Zamani kinyozi alikuwa na wembe mmoja, na wembe huo ulipita vichwani mwa watu wengi kwa siku moja. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, na watu wakaanza kufundishwa kwamba damu ya mtu mmoja isigusane na ya mwingine. Tena kuna ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi vya hepatitisi B. Virusi hivyo vinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa muda wa siku 7. Tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Wembe ulioufufua ni wa mtu mmoja tu. Usimwazime ndugu, rafiki wala mkeo. Usiutumie kumnyolea mtoto, na usiupeleke jandoni kwa kuwa eti ni wa mjomba na una heshima. Heshima ya mjomba haitakuwapo ikiwa wembe wake utawaletea wapwa zake ugonjwa. Ukiwa kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako.

MWISHO WA SOMO

Wazee husema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Yaani, yaliyomfika mwenzako yaweza kukufika wewe, basi jitayarishe. Waliotangulia kufufua nyembe zao kwa pupa walifuta majina na kuchoma makali. Wewe umekwisha kusikia, basi tia maji.

Ukimaliza, fua wembe kwa maji, ukaushe, upake mafuta kidogo, na uuweke mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Kisha fungua daftari lako. Chini ya zile herufi ulizonakili, andika jina la mjomba, na mahali alipoishi, na yale wazee waliyokueleza juu yake. Muhuri unasema wembe ulitoka wapi. Ni wewe tu unayeweza kuandika ulikokwenda.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tunasema wembe haukuletwa na wageni?
2. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilitungwa kwa sababu gani?
3. Kwa nini unakili herufi kabla ya kuondoa kutu?
4. Jiweni makali hutangulia. Kwenye ukanda je?
5. Nyumbani kwako kuna kitu gani cha zamani chenye maandishi? Kilete darasani, na wote wajaribu kukisoma.

MANENO MAGUMU

Fua chuma: kupiga chuma cha moto kwa nyundo ili kukipa umbo.
Mivukuto: mifuko ya ngozi ya kupulizia moto.
Chuma cha pua: chuma kigumu chenye kaboni kidogo.
Butu: isiyo na makali.
Pupa: haraka pamoja na tamaa.